Panya wa Mama Mzazi

Juzi paka wangu aliweka mjusi kando ya kitanda, nami nikakumbuka harufu ya mtori katika chumba cha mama, kule Ngarenaro. Mama alikuwa amejifungua, na kila jirani aliyekuja kumwona alileta bakuli la mtori wa ndizi na nyama. Shangazi alimsimamia akisema, "Mzazi habakizi kitu. Maliza!"

Mchana huo paka wetu, Chui, alimpita shangazi mlangoni, akaweka panya mnene mkekani karibu na mama, kisha akaketi akimtazama. Nilianza kulia. Niliamini mama angelazimika kumla mpaka mkia.

"Huyu leo anahama!" shangazi alisema, akishika ufagio. "Humu mna mtoto mchanga!"

"Muache, wifi," mama alisema huku akicheka. "Wote mmeleta chakula. Na yeye kaleta alichonacho."

Shangazi alimtoa panya kwa koleo, akarudi na kisahani cha maziwa. "Haya, mgeni, karibu."

Siku hizi nimesoma kwamba paka hupeleka windo lake mahali anapojiona salama, wala si zawadi. Hata hivyo, sioni kwamba mama alikosea.