Tela la Mashua na Magadi ya Eyasi

Sisi tuliokulia Karatu miaka ya sabini ikielekea ukingoni tulikuwa na kazi ambazo watoto wa leo ukiwasimulia wanakutazama kama unawatania. Wenzetu walichunga mbuzi, wengine walikaa shambani siku nzima wakifukuza ndege kwenye ngano. Sisi wasichana wawili wa nyumba yetu, mimi na dada yangu Paskalina, tulikuwa waoshaji wa tela la mashua.

Najua mnacheka. Mashua Karatu, huku juu kwenye mahindi na maharage, kwenye baridi ya mwezi wa sita inayouma masikio? Lakini mvua za miaka ile zilikuwa mvua kweli, na Ziwa Eyasi, lile la magadi lililoko chini bondeni upande wa Mang'ola, lilijaa mpaka samaki wakawa wengi. Baba alikuwa mkulima mwenye Land Rover kuukuu, aliyoachiwa na mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa aliporudi kwao. Yeye na Mjomba Fabiano, mdogo wake mama, walipata mashua ya mbao kutoka kwa mtu wa Babati, wakawa wavuvi. Majirani waliwashangaa. Wazee wetu wa Kiiraqw hawakuwa watu wa samaki; bibi yetu alimwita kambale nyoka mwenye ndevu, na siku kambale akipikwa, bibi alihamisha kigoda chake hadi zizini, akala ugali wake na maziwa ya mgando huko huko kwa ng'ombe.

Ziwa Eyasi halitulii mahali pamoja. Leo maji yako hapa, mwezi ujao yamerudi nyuma mbali kabisa, yameacha tope jeupe. Mashua ilibidi iyafuate maji, na kwa sababu hiyo ikatengenezewa tela la kuivuta nyuma ya gari. Alilitengeneza Fundi Elia, mchomeleaji wa pale Karatu mjini, mtu mpole mwenye nyusi zilizoungua kwa cheche, kwa ekseli ya gari bovu na vyuma vya kuokoteza.

Kila waliporudi kutoka ziwani, tela lilifika limepakwa tope la magadi ambalo likikauka linakuwa jeupe kama unga. Baba alikuwa hajavua hata viatu, anaita, "Mena! Paskalina! Maji!" Bomba hatukuwa nalo. Tulishuka chemchemini, tukapanda na ndoo kichwani, tukashuka tena. Tulimwagia magurudumu, tukamwagia springi, tukaingiza mikono kwenye pembe ambazo mkono wa mtu mzima haupiti. Baba alikuwa na usemi wake: "Ng'ombe anakula mchana, magadi yanakula mchana na usiku." Mama, tuliyemwita Aayo kwa lugha ya nyumbani, alisimama mlangoni akinung'unika kwamba hilo dude linakunywa maji kuliko mifugo yote ya boma. Tukishamaliza kuosha tulilipaka oili chafu kwa tambara, na tulinuka gereji mpaka Jumapili kanisani.

Hata hivyo kutu ilikuja. Ilianza kama vidoa vya rangi ya chai, kisha vikavimba. Mahali pabaya zaidi palikuwa chini ya mkono wa tela, kile chuma kirefu kinachoshika gari, pale kinapoungana na fremu. Likizo ilipokaribia Baba alitukabidhi tindo, brashi ya waya, na kopo la rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Wenzangu mnakumbuka uhaba wa siku zile. Rangi ilitafutwa Arusha kama dawa ya mgonjwa.

"Mkwangue mpaka chuma king'ae," alisema. "Kiking'aa ndipo mpake. Kutu ikibaki chini ya rangi, itaendelea kula wala hatutaiona."

Ilikuwa Jumamosi. Mchana wasichana wa Rhotia walikuwa wanakuja shuleni kwetu kucheza mpira wa pete, na Paskalina ndiye mfungaji wetu. Tulikwangua juu, tukakwangua pembeni. Tulipofika chini, ilibidi kulala chali kwenye vumbi, na kutu ikatudondokea machoni. Jua lilikuwa linapanda. Paskalina akaketi, akapangusa uso.

"Mena, rangi ikishapita, nani ataona?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilitazama barabarani, nikaona wasichana wa Rhotia wanapita wakiimba, nikachovya brashi. Tulipaka juu ya kutu, mara mbili, ili isionekane. Kisha tukakimbia. Tulishinda, Paskalina akabebwa juu juu. Jioni Baba alizunguka tela lililong'aa, akatuwekea mikono vichwani. "Mmefanya kazi," akasema. Mpaka leo sijasahau uzito wa mkono ule.

Likizo ilipofika niliomba kwenda nao ziwani, wakanikubalia. Paskalina alibaki kumsaidia Aayo. Kwenda tulikwenda vizuri. Tuliporudi, asubuhi ya siku ya tatu, tukiwa na mashua na magunia ya samaki waliokaushwa, tulianza kupanda mlima. Katikati ya mwinuko mkali Land Rover ikazima. Mjomba Fabiano akafanya alichokuwa akifanya siku zote: aliruka chini, akachukua jiwe, akainama kuliweka nyuma ya gurudumu la tela lisirudi. Baba akawasha gari, akakanyaga mafuta. Gari likaruka mbele.

Nikasikia mlio mkavu, kama mtu amevunja kuni kubwa. Niligeuka nikaona mkono wa tela umeanguka chini, na tela lenyewe, na mashua juu yake, linarudi nyuma taratibu. Gurudumu lilipanda lile jiwe, likalivuka. Kisha likamkuta Mjomba.

Tela lilienda kukwama kwenye kichaka cha miiba. Mjomba alikuwa amekaa katikati ya barabara, amejishika chini ya goti. Hakulia. Alisema tu, "Shemeji, mguu." Baba alimfikia, akapiga magoti kando yake. Wafugaji wawili wa Kidatoga waliokuwa wakipeleka punda majini waliacha punda wao, wakakata fito, wakaufunga ule mguu kwa kamba za ngozi, wakatusaidia kumpakia. Tela na mashua tuliviacha pale pale. Njia nzima mpaka hospitali ya misheni nilishika kichwa cha Mjomba mapajani mwangu, na kila gari liliporuka kwenye shimo alifumba macho, akiyafumbua anajaribu kunichekea.

Mfupa ulikuwa umevunjika sehemu mbili. Daktari alisema mguu hautakatwa, lakini hautakuwa kama ule wa kwanza.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Watu walimtafuta mwenye kosa, wakampata Fundi Elia. Sokoni walisema anachomelea kwa mate. Waliokuwa wamempelekea majembe ya kukokotwa na ng'ombe wakayafuata. Baba mwenyewe, kwa uchungu, alikwenda mpaka kibandani kwake akamwambia mbele za watu, "Elia, umenivunjia shemeji yangu."

Elia alishusha miwani yake ya kuchomelea. "Mzee, nilichomelea vizuri. Twende nikakione hicho chuma."

"Nikakione cha nini? Mguu nimeuona."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Baba, nimeshika mkia wa koti lake. Niliyaona macho ya Elia. Hayakuwa na hasira; yalikuwa ya mtu anayejiuliza kama kweli amekosea. Nyumbani nilimwambia Paskalina tuseme. Alilia akanishika mabega. "Baba atatuua, Mena. Na Aayo je? Ni mdogo wake yule!" Nikanyamaza. Kwa siku kadhaa niliacha chakula sahanini, na Aayo akaanza kunipa mwarobaini akidhani ni malaria.

Siku moja tulimpelekea Mjomba maziwa. Aayo alitoka kwenda kuongea na muuguzi, nikabaki peke yangu na Mjomba. Mguu ulikuwa umening'inizwa kwenye kamba. Akaniuliza kwa nini nimekonda, nikamwambia. Nilimwambia yote: tindo, mpira wa pete, rangi mara mbili. Nilisema nikiangalia sakafu.

Aliutazama mguu wake ule. Kisha akauliza, "Mlishinda?"

"Nini, Mjomba?"

"Mpira. Mliwafunga hao wa Rhotia?"

"Tuliwafunga."

Akacheka, mguu ukamuuma, akaacha kucheka. Akanivuta karibu. "Sikiliza, mama. Mguu wangu mimi nimeshakusamehe. Lakini Elia hana mguu uliovunjika, ana jina lililovunjika, na hilo siwezi kulisamehe kwa niaba yake. Mwambie baba yako. Usingoje nitoke hapa."

Nilimkuta Baba akipukuchua mahindi uani. Nikakaa, nikaanza kupukuchua na mimi, na nilipofika gunzi la tatu nikasema. Mikono yake ilisimama. Nilisubiri kofi. Alimwita Paskalina, akamuuliza kama ni kweli, Paskalina akaitikia kwa kichwa huku machozi yakimtiririka. Baba akainuka, akaenda kusimama zizini, akatugeuzia mgongo. Aliporudi alisema tu, "Kesho mtakwenda nami kwa Elia."

Tulikwenda wanne, Baba, Elia na sisi wawili, mpaka kule mlimani. Elia alipiga magoti kando ya mkono ule wa tela. Sehemu aliyochomelea ilikuwa nzima, imeshika. Chuma kando yake ndicho kilichokatika. Alikibana kwa vidole, kikabanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu cha Mang'ola, na juu kabisa kulikuwa na rangi yetu, nyekundu, safi. Alitoa nyundo mfukoni, akagonga chuma kizima, kikalia kama kengele. Akagonga pale palipoliwa na kutu. Pakatoa mlio mzito, wa kufa. Hakutusema. Alitukabidhi nyundo tugonge wenyewe.

Ndipo Baba akasema neno ambalo sikulitarajia. "Elia, hawa ni watoto. Mimi niliona rangi imevimba hapa siku mbili kabla ya safari. Niliona. Nikaogopa kukwangua, nisije nikakuta kitu kitakachonizuia kwenda." Alivua kofia. "Nilikusema mbele za watu. Nitalirudisha jina lako mbele za watu."

Jumapili iliyofuata, watu wakiwa wanatoka kanisani, Baba alisimama nje akaomba wamsikilize. Alisema fundi hana kosa, kosa ni la nyumba yake. Hakututaja majina. Nilimwona Elia kati ya watu ameinamisha uso, na mkewe amemshika mkono.

Sisi hatukuchapwa. Likizo yote iliyobaki tulishinda kibandani kwa Elia tukikwangua kutu, yetu na ya watu wengine: majembe, mageti, keria za baiskeli. Alitufundisha kusikia chuma kwa nyundo. Tela likapata mkono mpya, na likazunguka na mashua miaka mingine michache, mpaka mvua zilipopungua na ziwa likakauka likabaki uwanja mweupe. Mashua ikawa hori la kunyweshea ndama. Mjomba Fabiano alipona akichechemea. Watoto wakimuuliza, aliwaambia alipigwa teke na kiboko, na kila mwaka yule kiboko alizidi kuwa mkubwa. Hakuwahi kututaja, mimi wala Paskalina, hadi tulipomzika.

Siku hizi Karatu imejaa gereji. Magari ya watalii yanashuka kutoka kreta, lile bonde la wanyama, yamepakwa lile lile tope la magadi, na vijana wanayaosha kwa mashine zinazorusha maji kwa kishindo, spika za masikioni zikiwaimbia. Juzi nilimuuliza mmoja kama amepitisha maji chini ya fremu. "Bi mkubwa, chini nani anaangalia?" akanijibu kwa upole kabisa, na mimi nilicheka mpaka akadhani sina akili nzuri. Ningemlaumu vipi?

Sitasema vijana wa leo wamepotea. Wajukuu zangu ni watoto wazuri, wanajua mambo ambayo mimi siyajui, na hawajawahi kubeba ndoo ya maji kichwani, jambo ambalo namshukuru Mungu kwalo. Ila wakati mwingine namwona mmoja wao, yule wa katikati, amekaa kwenye kochi na simu yake, uso umemshuka kama mwenye jambo lililomkaa kifuani. Baba yake hurudi Ijumaa kwa Ijumaa. Mjomba wake yuko Dodoma, wanaonana kwenye picha wakati wa sikukuu. Basi naketi karibu naye, namuuliza habari za shule, ananijibu "poa, Bibi," na mimi siondoki. Naendelea kukaa.