Noti ya Msichana wa Koboko

Wiki iliyopita nilikuwa napita Ediofe, nje ya shule yetu ya zamani, nikasikia watoto darasani wakikaza nyuzi za gitaa. Rafiki yangu, miguu iligoma. Nilisimama juani nikisubiri sauti moja ambayo najua fika haiji tena.

Miaka ile ya sabini shule yetu ilikuwa na orkestra. Usinicheke! Tulipiga fidla, vidole bado vinanuka uji wa muhogo. Piano ya kutupa noti hatukuwa nayo, kwa hiyo kila tukianza mwalimu alimgeukia jirani yangu wa benchi, msichana Mnubi wa Koboko, binti wa askari. Naye anaimba "aaa" moja nyembamba, sote tunakaza nyuzi mpaka tumfikie. Hakukosea hata siku moja. Mwanzoni nilimwonea wivu, baadaye nikampenda kama dada, maana alinigawia mkate wa mama yake bila kuombwa.

Vita vya kuipindua serikali ya wanajeshi vilipokaribia, watu walianza kuwatazama jamaa za askari kwa jicho baya. Asubuhi moja lori la kuwapeleka kwao Koboko lilisimama nje, sisi tuko katikati ya somo. Akanikabidhi fidla yake.

"Wewe chunga hii. Mimi iko narudi."

"Na kama wewe hapana rudi?"

"Ah! Nyinyi bila mimi, nani ataimbia?"

Haukupita muda, nasi tukakimbilia Kongo. Kabla ya kuondoka, bibi yangu aliizika fidla ile kama alivyozika vyungu na mbegu za karanga: shimo nyuma ya jiko, ngozi ya mbuzi, majivu chini na juu. "Mchwa hapana kula majivu," aliniambia. Na kweli, tuliporudi, mchwa hawakuwa wamegusa kitu. Lakini maji ya mvua yalikuwa yameingia, gundi yote ikayeyuka. Nikatoa kibao kimoja kimoja, vizima kabisa, kama mifupa ya kuku baada ya sikukuu. Bibi alikaa chini akalia. "Mimi nilifunga vizuri, mwanangu. Nilifunga vizuri sana."

Vibao hivyo ninavyo mpaka leo. Koboko nimekwenda mara nyingi kumuulizia. Nyumba yao wanakaa watu wengine, wapole, hawamjui. Wengine husema lori lile lilivuka mpaka kuingia Sudan, wengine husema halikufika. Orkestra nayo haikufufuka.

Fidla kuharibika naweza kuvumilia. Ile "aaa" ndiyo inayonitesa, jamani. Huiimba nikiwa peke yangu jikoni, mara naiona iko juu, mara iko chini. Siku ile pale dirishani watoto walimaliza kukaza nyuzi, wakaanza kupiga, na walipiga vizuri. Nikaimba noti yangu polepole, nimefumba macho. Dunia nzima alikuwepo mtu mmoja tu wa kuniambia kama nimepatia.