Damu ya Kondoo kwa Gervase Holt

Mume wa Thomasine Varley aliuawa kilabuni, hapa hapa Southwark, ng'ambo ya mto kutoka London, katika ugomvi wa kugombea kiti. Muuaji, Gervase Holt, alijua kusoma, na sheria ya zama zile ilimwepusha msomi na kitanzi kwa kosa la kwanza. Basi mahakama ikampiga chapa ya moto kwenye dole gumba, ikamwachilia.

Thomasine akapata kazi kwenye jumba letu la michezo. Alijaza damu ya kondoo kwenye vibofu na kuwafungia waigizaji chini ya shati, ili upanga ukigusa, damu iruke. Mwaka ule watu hawakutaka kingine ila michezo ya visasi.

Majira ya kuchipua kikundi kikamwajiri mtu wa kuigiza mtawala katili anayeuawa mwishoni. Alipoinua mikono afungwe kibofu, Thomasine akaiona ile chapa kwenye dole gumba. Akamjua kuwa ni Gervase, akakaza kamba.

Mchana ule alichungulia kupitia pazia. Jukwaani Gervase akachomwa upanga, akayumba.

"Kufa basi, bwana! Bia yetu inachacha!" watazamaji waliosimama uwanjani walipiga kelele.

Alipoanguka, Thomasine alisikia raha. Kesho yake akachungulia tena. Ikawa kila mchezo anamtazama akifa, na kila mara raha inapungua, hadi akawa anarudi nyumbani na kichwa kinamgonga tu.

Siku moja Gervase akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama Varley, najua wewe ni nani. Nilikuwa nikiogopa kusema."

"Inua mkono."

"Nilikuwa nimelewa. Sina la kujitetea."

Thomasine akaacha kufunga. "Mume wangu alisema nini alipoanguka?"

"Aliuliza kama kuku wamefungiwa."

Thomasine akaangua kicheko, kisha machozi yakamtoka, akaketi juu ya sanduku la mavazi. Ndivyo alivyokuwa Ambrose wake: hata kanisani aliwaza kuku. Tangu mazishi alikuwa akimwona akiwa maiti tu. Sasa alimsikia akiongea.

"Sijakusamehe," alisema, akijifuta uso kwa aproni.

"Najua, mama."

"Basi simama wima. Na ukichomwa usijikunje, damu inakwenda pembeni."

Alifunga kamba, akatoka nje kwenye jua. Ndani watu walipolipuka kwa shangwe kwa kifo cha Gervase, yeye alikuwa mlangoni kwa muuza chaza, akibishana naye kwamba wa leo ni wadogo, na akila wa tatu.