Mguu wa Kushoto wa Mzee wa Getanuwas

Mzee mmoja mfugaji aliletwa hospitalini kwetu Mbulu kutoka Getanuwas baada ya kuangushwa na fahali na kuvunjika paja la kushoto. Madaktari walimfanyia upasuaji wakaweka chuma. Mimi, msaidizi wa mtaalamu wa tiba ya viungo, nikapewa kazi ya kumsimamisha na kumfundisha kutembea tena.

Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Nikisema shikamoo aliitika marahaba, halafu sote wawili tulimgeukia mwanawe atutafsirie. Siku mbili za kwanza alijitahidi. Alishika fremu ya kutembelea, akapiga hatua nne hadi dirishani, akapumzika, akarudi. Siku ya tatu akakataa hata kushusha miguu kitandani.

"Amekaidi," mwanawe alisema. "Jana si aliweza? Mlazimishe tu."

Wagonjwa wengi hugoma, na nina maneno yangu ya kuwabembeleza. Lakini uso wa mzee haukuwa wa mtu anayegoma. Nikafunua shuka. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limevimba na kukaza, na kiganja changu kilisikia joto ambalo mguu wa kulia haukuwa nalo. Nilipobonyeza kidogo, alivuta pumzi huku ameuma meno.

"Basi mkande," mwanawe akasema. "Nyumbani tungemkanda kwa mafuta."

"Hapana, kaka. Asikandwe na asitembee. Namwita daktari."

"Sasa wewe kazi yako ni ipi?"

Nilimwomba muuguzi abaki pale kitandani, nikatoka haraka. Nilifundishwa chuoni kwamba damu ikiganda ndani ya mguu, pande lake linaweza kung'oka likaenda kuziba mapafu, na mtu akafa mbele yako. Ila sikuwahi kuliona jambo hilo kwa macho. Huenda ulikuwa uvimbe wa kawaida wa upasuaji. Njia nzima nilijiona nikiambiwa mbele ya wodi nzima nirudi kwenye fremu zangu, niwaachie madaktari udaktari.

Daktari alikuja pamoja na mtaalamu ninayemsaidia. Wakapima miguu yote miwili kwa tepu, wakatazamana, wakaagiza apelekwe ultrasaundi akiwa amelala kwenye machela. Mimi na mwanawe tulisubiri koridoni.

Daktari alipotoka alinitafuta mimi. "Damu imeganda. Umefanya vizuri kutomsimamisha. Anaanza sindano sasa hivi."

Nikakaa kwenye benchi nikacheka peke yangu kama mjinga, huku machozi yakinitoka. Mwanawe akaja kukaa karibu.

"Dada, nisamehe," alisema. "Ningebaki naye peke yangu, ningemkanda."

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana nilimwacha muuguzi."

Alinitazama kidogo, naye akacheka.

Daktari aliporuhusu, tulianza upya, hatua mbili, kesho yake tatu. Siku ya kuruhusiwa mzee alivuka korido yote kwa fremu, mimi nikiwa nyuma yake, mikono tayari, bila kumgusa. Kwenye mlango wa gari alisema jambo refu kwa lugha yao.

"Anauliza kama kwenu mnafuga," mwanawe akatafsiri.

"Mwambie kwetu ni kijiji cha Daudi, hapa hapa Mbulu. Tunalima, na tuna ng'ombe wawili."

Mzee aliposikia idadi alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akanipigapiga mkononi kunifariji, kisha akainua mguu wa kushoto mwenyewe akapanda gari.