Grisi ya Saverio

Mwaka wa 1972, katika karakana ya kambi ya Makindye walibaki Waacholi wawili, watu wa kabila lililokuwa likiuawa jeshini, kisha mmoja. Huyo mmoja alikuwa Saverio Odoch, na hakubakizwa kwa huruma. Alibakizwa kwa ajili ya magurudumu.

Magari matatu ya wakubwa yalikuwa na magurudumu yasiyosimama hata kwa risasi. Ndani ya kila tairi, kuizunguka rimu, mlikuwa na pete ya mpira mgumu. Hewa ikitoka, tairi huilalia pete, na gari huendelea polepole, maili hamsini, mpaka mahali salama. Aliyejua kuyafungua na kuyafunga ni Saverio peke yake. Mzungu aliyemfundisha alikuwa amekwenda kwao.

"Mimi napumua hewa ya matairi," alimwambia mkewe, Rosalba, na hakucheka.

Mwezi wa Septemba mkuu wa karakana akamletea Kasereka, fundi Mkongo aliyechukuliwa kwenye kibanda chake cha kuziba pancha huko Kisenyi.

"Odoch, fundisha huyu. Mpaka ajue yote."

Jioni Saverio alipomsimulia, Rosalba alielewa kabla hajamaliza kupakua chakula. "Mfundishe. Lakini grisi usimwambie."

Tairi lisilo na hewa husuguana na pete, na msuguano huzaa moto. Lisipopakwa grisi ndani, huchanika kabla ya maili tano. Gari likikwama, wangemrudia Saverio.

"Na Kasereka?"

"Kasereka si mume wangu."

Saverio akakubali. Akamwonyesha Kasereka kutoa hewa yote kwanza, kwani rimu ile ni ya vipande viwili, na anayelegeza nati zake hewa ikiwamo, rimu humrukia usoni. Akamwonyesha kuitoa pete na kutafuta nyufa zake kwa kidole. Akamwonyesha kukaza nati kwa kupishana, moja huku, ya pili ng'ambo.

"Kaka, hili limekula nini?" Kasereka alihema akiliinua. "Zito kama shemeji yangu."

Siku ya tisa wakafungua tairi lililokuwa limetembea bila hewa kutoka Jinja. Nje lilikuwa zima. Ndani mpira ulikuwa unga.

"Tunaweka kiraka?"

"Likishatembea hivi limekufa. Nje linang'aa, ndani limesagika. Unafunga jipya."

"Kama serikali," Kasereka akasema chini chini.

Saverio akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa miezi mingi tangu mtu amfanyie utani wa kweli.

"Na jipya likichanika njiani, kaka, wanamuuliza nani?"

"Aliyelifunga."

"Mimi nina mke, Mbambu, na watoto wanne," Kasereka akasema, kama anayeiambia pete.

Saverio akainama chini ya meza, akatoa mkebe wa grisi. "Paka humu ndani, pote. Usisahau hata mara moja."

Jumatatu mkuu wa karakana akaja. "Mkongo, umejua yote?"

Kisenyi, fundi anayesema bado anajifunza hapati mteja. Kasereka akapanua kifua. "Yote, afande. Hata ukinifunga macho."

"Vizuri. Odoch, panda Land Rova. Umehamishwa."

Saverio akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akakikunja, akampa Kasereka.

Siku tatu Rosalba alisimama getini na chakula kilichofunikwa. Siku tatu mlinzi alimwambia hakuna mtu wa jina hilo. Siku ya tatu Kasereka alimwona, akauliza ni nani, akaambiwa. Alirudi ndani akakaa sakafuni kati ya matairi.

Mwaka uliofuata wakamletea koplo wa kufundishwa. Kasereka alimfundisha kila kitu, na grisi pia.

"Koplo amejua yote?" mkuu akauliza.

"Bado, afande," Kasereka akasema, kabla koplo hajafungua mdomo.

Alijibu hivyo kila Jumatatu, kwa miaka sita, mpaka serikali ile ilipoanguka.