Jiwe la Mpakani

Niliwaonya wasiguse mawe ya mpakani. Niliwaonya kwa Kiswahili, si kwa Kichagga, kwa hiyo hawana kisingizio.

Walikuwa wanafunzi wa jiolojia kutoka Dar, nami ndiye niliyewaongoza kupanda Old Moshi, mwamba hadi mwamba. Mwalimu wao alieleza jinsi mlima ulivyomwaga uji wa moto hadi huku chini. Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa nachunga nyundo zao.

Tulipofika kwenye kihamba chetu, shamba la baba la migomba na kahawa, mwanafunzi mmoja aliona jiwe jeusi lenye chembe nyeupe chini ya masale, mimea tunayopanda mipakani. Kabla sijafungua mdomo, alishalibingirisha apige picha tumbo lake.

"Hili lilitoka juu kabisa," mwalimu akasema kwa furaha. "Limesafiri."

Mjane jirani yetu akatokea upande wa pili. Yeye na baba waligombania mpaka ule miaka mingi, hadi wazee wa ukoo walipoliweka jiwe lile. Nikamwamkia shikamoo. Akalinyooshea jiwe kidole.

"Lirudishe," akaniambia.

Nikalirudisha. Alama ya pale lilipokaa ilikuwa imeshavurugwa na viatu vya darasa zima, basi nikakisia, nikiomba nisikosee upande wowote.

Jana baba alipita pale akikata majani ya ng'ombe. Akasimama, akalitazama jiwe, akahesabu hatua moja ya ziada upande wetu, kisha akatabasamu peke yake.