Rangi ya Kijani Juu ya Ufa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ngoma ya Mzee Nkwabi iliponyamaza katikati ya wimbo. Kama ungemjua mzee yule ungeshangaa pamoja nami. Mvua ilikuwa ikimkuta anapiga na kumwacha anapiga. Siku hiyo alinyamaza mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu waliotoka Nyegezi hadi Kisesa kuja kuusherehekea Uhuru.

Nimeikumbuka jana ulipoliingiza lile bomba lako la chuma uani kwangu. Uliniambia wewe na wenzako mnatengeneza mzinga wa kelele wa kunogesha tamasha lenu la nyimbo za taifa, ukaniomba nilitazame kama linafaa. Nitakuambia. Lakini kaa kwanza, vuta hicho kigoda, kwa kuwa mimi pia niliwahi kutengeneza mzinga, na mpaka leo nikisikia kishindo huwa nageuka kutafuta watoto wako wapi.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, fundi baiskeli mjini Mwanza, nikiishi hapa hapa Mkolani. Mikono yangu haikujua kutulia. Wenzangu wakitoka kazini walikwenda kutafuta wachumba. Mimi niliokota vyuma. Niliwahi kutengeneza kengele ya baiskeli iliyolia kama mbuzi anayechinjwa, mama akaipiga marufuku nyumbani. Basi askari mmoja mstaafu akatusimulia kwamba kwenye sherehe kubwa za serikali hupigwa mizinga. Nikajiambia, Uhuru uje Mkolani bila mzinga? Haiwezekani.

Hapo lazima nikueleze ngoma zetu zilivyokuwa, maana ninyi mmezoea jukwaa moja, huyu akishuka yule anapanda. Sisi, makundi mawili yalipiga kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na mwamuzi alikuwa miguu ya watu. Ukiwavutia wanakuja kwako. Wakikuchoka wanahamia kwa mwenzako, na wewe unawaona wanavyokupa mgongo. Jua likishuka, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila kundi lilikuwa na mbinu zake: wengine walicheza na chatu shingoni, wengine walivaa ngozi ya fisi. Kundi letu liliongozwa na Mzee Nkwabi, manju wetu, yaani mtunzi na mwimbishaji. Kundi la ng'ambo ya kijito lilikuwa la Mzee Maduhu. Wazee hao walikuwa wameshindana tangu ujana wao, na wakikutana njiani walisalimiana kwa adabu nyingi mno, adabu ya watu wanaopimana.

Nikampelekea Mzee Nkwabi wazo langu: akiimba "Tanganyika imeamka," mzinga uitikie. Alicheka mpaka akakohoa. Akakubali.

Nikatafuta bomba nene lililotupwa nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba, nikaliziba upande mmoja, na mwindaji mmoja mwenye gobole akanigawia baruti yake. Nikaenda kuujaribu kwenye mawe, mbali na watu. Mara ya kwanza ulilia, nikaruka kwa furaha. Mara ya pili ulilia pia. Halafu nikaupapasa, na kidole changu kikakwama mahali. Ulikuwa ufa, mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye kizibo ukaja mbele kiasi cha shibiri.

Mwanangu, nilijua maana yake. Siwezi kukudanganya kwamba sikujua, nilikuwa fundi. Lakini zilibaki siku tatu tu, na mdomo wangu ulikuwa umeshatangulia. Kuanzia gengeni hadi kisimani hakuna asiyejua kwamba mimi Shija nina mzinga. Nikaona aibu. Nikachukua brashi nikaupamba mzinga kwa rangi za bendera mpya, nyeusi na njano, na pale penye ufa nikapaka kijani, mara mbili, ishike vizuri. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba kwa rangi.

Mzee Nkwabi alikuja kuutazama jioni ile. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, akauzunguka, akaugonga kwa fimbo yake.

"Umeujaribu?"

"Nimeujaribu, babu. Mara mbili."

"Na uko mzima?"

"Mzima kabisa."

Alinitazama kidogo, akasema ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka, akaenda zake. Nilidhani ananitania.

Siku ya ngoma uwanja ulijaa. Unaujua ule uwanda wa kushukia ziwani, mawe makubwa upande huu na maji upande ule. Mzee Nkwabi alikuwa amevaa manyoya yake ya mbuni kichwani, na ngoma yake kubwa ya urithi ilikuwa imewekwa karibu na mzinga wangu ili viitikiane. Alipofika kwenye "Tanganyika imeamka," nikawasha utambi. Lo! Kishindo kilikwenda kikagonga mawe kikarudi. Watu wa Maduhu waligeuka wote, wakaja mbio upande wetu wakipiga vigelegele. Watoto wakaketi kuuzunguka mzinga kama wanaota moto. Mdogo wangu Kabula, wa miaka minane, alijipatia kiti cha mbele juu ya gogo, hatua tatu kutoka kwenye kizibo, akiwaringia wenzake kwamba mwenye mzinga ni kaka yake. Na mimi niliringa. Naona haya kusema nilivyoringa.

Nikaujaza mara ya pili. Mzee akafika kwenye maneno yake, nikawasha utambi, nikarudi nyuma. Kimya. Watu wakaangua kicheko. Nikatazama vizuri, nikaona moshi mwembamba unatoka, lakini hautokei mdomoni. Ulikuwa unatokea ubavuni, penye ufa, moto ungali ndani, na rangi yangu ya kijani ilikuwa inabanduka kama gamba.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo linaloniuma. Jambo la kwanza nililoliwaza si Kabula. Niliwaza watanicheka. Nilisimama pale na aibu yangu, mdogo wangu akiwa ameketi mbele ya kifo, na sijui nilisimama muda gani. Ulikuwa mfupi, lakini nimeubeba maisha yangu yote.

Kisha miguu ikanipeleka kwa mzee. Nikamwinamia sikioni, naye bado anaimba, nikasema, "Babu, mzinga una ufa. Nilijua tangu majuzi."

Hakunigeukia. Ujue mwaka mmoja kabla ya hapo mtu alipiga kelele "nyoka!" kwenye ngoma kama ile, watu wakakanyagana na watoto wakavunjika miguu. Na hapo tulikuwa tumebanwa kati ya mawe na maji. Mzee aliyajua hayo kuliko mimi. Akanyanyua mkono, na ngoma yake ikanyamaza.

Uwanja mzima ukashtuka. Kwa mbali zikasikika ngoma za Maduhu peke yake. Ndipo Mzee Nkwabi akavua manyoya ya mbuni kichwani mwake. Kwetu manju akivua manyoya mbele ya watu amekubali kushindwa, na yeye hakuwahi kuyavua tangu alipoyavaa. Akacheka kicheko kikubwa, akasema kwa sauti, "Jamani, Maduhu katuzidi leo! Nani anabaki hapa? Twendeni tukamsikilize mwanaume!"

Akatangulia yeye mwenyewe, taratibu, anacheza. Wachezaji wetu walibaki midomo wazi, mmoja akalia. Lakini watu ni watu, mwenye ngoma akihama nao wanahama. Wakamfuata kwa vicheko na miluzi, na watoto wakainuka wakawafuata. Nikamnyakua Kabula juu ya gogo, ananipiga mateke, anadai kiti chake. Tulikuwa tumefika katikati ya uwanja mzinga ulipopasuka.

Na unajua watu walifanya nini? Walipiga vigelegele! Walidhani ni saluti ya kumpongeza Maduhu. Maduhu mwenyewe alidhani hivyo, akainamisha kichwa kushukuru. Mimi nilikaa chini na Kabula mapajani, nikahesabu watoto kwa kidole, nikawahesabu tena. Hakuna aliyepata hata mchubuko. Nilishusha pumzi ambayo nadhani sijamaliza kuishusha hadi leo.

Watu walipotawanyika tulirudi pale wawili tu, mimi na mzee. Bomba lilikuwa limefunguka kama ganda la ndizi. Ngoma yake ya urithi ilikuwa imepasuliwa ngozi na ubavu. Na kwenye gogo, pale pale alipoketi Kabula, kipande cha chuma cha ukubwa wa kiganja kilikuwa kimezama. Kilikuwa na rangi ya kijani.

Nikapiga magoti nikingoja fimbo. Haikuja. Mzee alikaa juu ya gogo lile.

"Mkono wako uliotengeneza haukukosea," alisema. "Chuma hupasuka, hata jembe hupasuka. Kilichokosea ni brashi."

Nikamuuliza kama niwaambie watu ukweli.

"Hilo ni lako, baba. Mimi sitakusema, wala sitakusemea."

Ungedhani nilikwenda kusema kesho yake. Sikwenda. Mvua zilikuwa zimenyesha, watu wakaingia mashambani, na kundi la Maduhu likatunga wimbo wa kulimia pamba: Nkwabi kavua manyoya, mzinga wake mwenyewe umemkimbiza. Wimbo ulikuwa mtamu, ukavuka kijito, ukafika mpaka gengeni. Mzee Nkwabi alilima akiusikia, na akikutana nami aliniuliza hali ya mama. Nilikuwa nimembebesha mzigo wangu, na nilimtazama akiubeba. Niliitengeneza upya ngoma yake, nikaivalisha ngozi mpya na kuitia kiraka ubavuni, nikajidanganya kwamba hayo yanatosha.

Jioni moja nikiwa naziba pancha nyumbani, nikamsikia Kabula anatwanga huku anaimba, kwa sauti yake nzuri ya kitoto: Nkwabi kavua manyoya, mzinga wake umemkimbiza. Alikuwa akimcheka mtu aliyemwokoa, naye hajui, na asiyejua si wa kulaumiwa. Spana iliniponyoka mkononi. Mficha uchi hazai, mwanangu, lakini siku ile nilijifunza kwamba anaweza pia kuwafunza watoto uongo bila kufungua mdomo.

Pamba ilipokwisha kuchumwa ngoma zikarudi uwanjani. Maduhu akaanza na wimbo ule ule, watu wakamkimbilia. Nikatembea mpaka katikati ya uwanja, nikaomba ngoma zote zinyamaze. Nikasema yote. Nikataja ufa, nikataja rangi, nikataja uongo wangu, nikainua kile kipande cha chuma nilichokichomoa kwenye gogo, waone. Nikasema, "Mzee wangu hakushindwa. Aliwatoa watoto wenu." Kina mama wakaanza kutazamana. Kabula akaacha kutafuna muwa.

Maduhu alikuja polepole mpaka mbele ya Mzee Nkwabi. Tukaogopa.

"Kumbe siku ile ulinipa watu wako?"

"Sikukupa," akasema Mzee Nkwabi. "Nilikuazima. Leo nimewafuata."

Uwanja uliangua kicheko ambacho sijakisikia tena. Wazee wale wakashikana mikono, Maduhu akiwa anafuta machozi, na mimi nililia wazi wazi kama mtoto, kwa jinsi nilivyojisikia mwepesi. Nilikuwa nimeogopa kuchekwa kwa miezi saba, na kumbe kicheko chenyewe kilikuwa kinaponya. Halafu wakarudi kila mtu upande wake, ngoma zikaanza, na siku hiyo Maduhu akatushinda tena, safari hii kwa haki.

Basi haya ndiyo ninayokuusia. Furahini, imbeni nchi yenu, pigeni kelele; nami nitakuja nikae mbele nikiwa hai. Lakini ukiona ufa, useme ukiwa bado ni unywele, hata kama umeshawatangazia watu wote. Aibu ya kusema mapema huisha siku hiyo hiyo. Na ikikulazimu kushindwa mbele ya watu ili watu wapone, vua manyoya utangulie. Ila usikubali kamwe mwenzako aimbwe kwa kosa lako. Kama limeshatokea, usingoje miezi saba kama mimi.

Kuhusu bomba lako: nimelipapasa jana usiku kwa kidole hiki hiki. Kule kwenye kizibo nimekuzungushia alama ya chaki. Usiifute, na usipake rangi. Wapeleke wenzako wakaione kama ilivyo, kisha njoo uchukue ngoma aliyoniachia Mzee Nkwabi, ile iliyo ukutani kwangu, mkapige hiyo. Kiraka chake nilikitia mimi, hakijaachia hadi leo.

Mungu akupe mikono yenye kazi na mdomo usioogopa. Watoto watakaoketi mbele yako wainuke wote na kurudi kwa mama zao. Nenda salama, mwanangu.